Kioo Kifupi cha Siku ya Hina

Huku kwetu, mji wa Baraka, mpiga picha anapimwa kwa urefu wa kioo cha kamera yake. Picha zenyewe watu hawaziangalii. Wanaangalia kile kioo cha mbele, objektifu: kikiwa kirefu kama mchi, wewe ni fundi, kikiwa kifupi, unacheza. Upuuzi mtupu! Mpaka leo nikilikumbuka jambo hili damu inanichemka.

Pesa yangu ilitosha kioo kimoja tu. Muuzaji wa Uvira aliweka viwili mezani, vyote vya mtumba, bei karibu sawa. "Dada, beba hii ya murefu, bantu batakuheshimu." Nikavijaribu vyote, kamera nimeielekeza kwenye pembe yenye giza nyuma ya magunia. Kirefu kilinipa weusi na ukungu. Kifupi kilionyesha hata nyuzi za gunia. Nikajiuliza, kwetu bibi harusi anapambwa wapi? Si ndani, madirisha yamefungwa vitenge? Nikachukua kifupi, nikakipakata njia nzima, kupitia Mboko mpaka nyumbani.

Kazi yangu ya kwanza ingekuwa harusi ya jirani yetu, rafiki yangu tangu utoto. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniomba. Nilijua nikiipata hiyo, mji mzima utaniita mpiga picha. Basi shangazi yake, aliyeshika usukani wa harusi yote, akaitazama kamera yangu akacheka mpaka akajishika kiuno.

"Haka ni nini? Kifuniko ya chupa? Bakwe batatucheka!"

Kazi akampa kijana mmoja mwenye kioo kirefu. Mimi nikapewa kisu na vitunguu.

Sasa, siku ya hina mwanaume hakanyagi chumba cha bibi harusi. Kijana akabaki uani, shangazi akaingia na kamera ya kijana ili apige mwenyewe. Akatoka jasho likimtiririka. Picha zote nyeusi, na alipowasha flashi nyuso zikawa nyeupe kama unga wa muhogo, hina haionekani. Kijana akamnong'oneza kitu huku akinitazama. Shangazi akanijia, mkono ameshaunyoosha.

"We mutoto, toa kale kakioo kako, tumuazime huyu kijana."

Kumuazima! Loo! Nikaweka kisu chini. "Shangazi, kioo iko na mwenyewe. Inaingia na miye, ao haiingie."

Akafungua mdomo anitukane, lakini kutoka ndani rafiki yangu akapaza sauti, mikono yake imelowa: "Shangazi, acha aingie! Hina inakauka!"

Nikaingia. Nilipiga picha mikono yake, nyuso za bamama waliomzunguka, vicheko vyao, kwa mwanga ule ule uliopita kwenye mapengo ya vitenge. Baadaye nikachapisha picha, nikampelekea rafiki yangu.

Siku ya harusi shangazi ndiye aliyezishika. Alikuwa akizipitisha kwa wakwe wanawake, kifua mbele. Mama wa bwana harusi akatazama moja kwa muda mrefu.

"Yaani, picha ya muzuri hivi! Nani alipiga?"

Shangazi, bila hata chembe ya haya, akamwonyesha yule kijana aliyesimama mlangoni. "Fundi wetu ule."

Na yule kijana akatabasamu! Akaitikia kwa kichwa! Nikaitua sahani kwa kishindo. Nikasimama mbele ya wote.

"Shangazi, hizi ni picha za siku ya hina, ndani ya chumba. Kumbe mwanaume aliingia kule?"

Mama mkwe akaiweka picha mapajani, akamgeukia shangazi. Wakwe wote wakamgeukia.

"Hapana! Mwanaume? Hata mumoja hakuingia!"

"Basi nani alipiga?" akarudia mama mkwe.

"Huyu," shangazi akasema, akinionyesha kwa kidevu.

"Huyu ni nani?" akauliza mama mkwe.

Nikamgeukia shangazi anijibie.

"Mupiga picha wetu."