Siku Kapteni Alipotutembeza Skotlandi

Majina siandiki, maana wengine wana watoto, na watoto hawakufanya kitu. Lakini kazi zao na milango yao nitaitaja, wenyewe wajijue. Wa kwanza ni muuza mkaa wa Kamwokya, mwenye mlango wa buluu, jirani yetu. Yeye ndiye aliyempeleka kaka yangu kwa askari.

Kaka alikuwa mwashi. Siku hiyo yuko juu ya jukwaa pale Nakivubo anapiga lipu, wakapita askari wa bendi wamevaa sketi za miraba, wanapuliza zumari zao za mifuko. Mkubwa wa nchi alikuwa amejipa ufalme wa Skotlandi, na wanaume wa huko, tuliambiwa, ndivyo wanavyovaa. Haya, sawa. Lakini siku zilezile askari wengine walikuwa wanawasimamisha wanawake barabarani na kuwapima sketi, ikiwa juu ya goti unakwenda ndani. Kaka akacheka. Akasema, "Na hawa nao wapimwe magoti." Muuza mkaa alikuwa hapo chini anashusha magunia. Jioni kaka hakurudi.

Mimi nilikuwa dereva wa basi dogo la Mhindi mmoja. Mhindi alipofukuzwa, basi likachukuliwa na kapteni, nami nikachukuliwa nalo kama taa zake za mbele. Kapteni ni wa pili. Huyu aliwahi kupelekwa kozi Skotlandi, akarudi na kalenda ya picha na hasira. Nilikwenda nikampigia magoti kwa ajili ya kaka.

"Ile mtu ya kucheka ni ndugu yako?"

"Ndiyo, afande."

"Basi kesho wewe napeleka bibi za maofisa Skotlandi. Wakifurahi, ndugu yako natoka. Ukicheka wewe, mtakuwa wawili huko ndani."

Nilidhani anasema ndege. Kumbe wake za maofisa walikuwa wameahidiwa safari ya Ulaya, safari ikafia mezani kwa mtu, na kapteni akaapa kwamba Skotlandi wataiona, hata kama ni hapahapa Kampala.

Asubuhi wakapanda, wamevaa kama wa harusini, pamoja na mama mzazi wa kapteni aliyekuwa amekuja kutoka kwao kaskazini. Kapteni akakaa mbele, kalenda juu ya mapaja. Anafunua picha, kisha ananyoosha kidole dirishani.

Tulianza na mlima, yaani Kololo. Kapteni alikuwa ameamuru askari wachome majani mabichi ya migomba kandokando ya barabara, tupate ukungu. Wanawake wakakohoa mpaka vilemba vikawavuka.

"Skotlandi kuna moshi hivi?" mmoja akauliza.

"Si moshi, ni ukungu. Dereva, eleza."

Nikaeleza. Ukungu wa Skotlandi, nikasema, unachoma macho kwa sababu ya baridi. Shule niliacha mapema, lakini uongo wa kuokoa mtu haufundishwi darasani.

Tukateremka mpaka Ggaba, ufukweni. "Hii ni Loki," kapteni akasema. "Ziwa kwao inaitwa Loki."

"Mwanangu," mama yake akasema, "hapa si Ggaba? Juzi nimenunua samaki hapa."

"Leo ni Loki, mama."

"Na samaki wameambiwa?"

Kapteni akaisogeza kalenda karibu na uso wake. Akasema ndani ya Loki kuna mnyama mkubwa, ana shingo ndefu, Wazungu wanatoka mbali kuja kumngojea. Basi tukamngojea. Maji yakatikisika, akaibuka mzee aliyekuwa anaoga, povu la sabuni kichwani. Akaona basi la jeshi, akazama tena.

"Ndiye huyo?" mama akaniuliza.

"Ndiye, mama," nikasema, maana kapteni alikuwa ananitazama kwenye kioo. Nilijiuma shavu kwa ndani mpaka nikaonja damu.

"Sasa tunaenda ngome," kapteni akatangaza.

Wanawake wakachangamka, wakaanza kujifunga kanga viunoni. "Ngoma ya wapi? Ya kwetu au ya Waganda?"

"Ngome, si ngoma. Nyumba ya mfalme."

"Mfalme hana ngoma?" mama akasema. "Mfalme gani huyo?"

Kila mtu akawa anatazama kucha zake. Swali lile lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe tulikuwa tunamjua.

Ngome ilikuwa nyumba ya Mhindi yuleyule wa basi, ina mnara wa duara. Kapteni aliingia humo siku mwenye nyumba alipotoka, sufuria zikiwa bado jikoni. Mlangoni amesimama mlinzi amevaa sketi ya miraba, uso umevimba upande mmoja, miguu mitupu imejaa alama za kiboko. Alikuwa kaka.

Hakunitazama. Mama wa kapteni akamzunguka polepole. "Mwanangu, suruali yako wameipeleka wapi?"

Kapteni akamsogelea kaka. "Inachekesha?"

"Hapana, afande."

Akanigeukia. "Dereva, inachekesha?"

"Hapana, afande."

Na kweli haikuchekesha. Wale wanawake wakapiga makofi, wakasema Skotlandi ni nzuri, sasa warudishwe nyumbani. Kapteni akafurahi. "Mchukue," akaniambia. "Sketi irudi kesho, imefuliwa."

Nilipokwisha kuwashusha wote, tukabaki wawili. Kaka alikaa kiti cha nyuma kabisa. Tulipopita Nakivubo askari walikuwa wamesimamisha wasichana ukutani, ukuta wa kaka mwenyewe ambao lipu yake ilikuwa haijaisha. Nikamwona kwenye kioo anaivuta sketi ifunike magoti.

Nyumbani mkewe alikuwa uani. Alipomwona akishuka vile, mzima, anatembea, yuko ndani ya sketi, furaha ilimzidi, akaanza kucheka huku analia. Kaka alimrukia, akamziba mdomo kwa viganja viwili, macho yake yakiwa kwenye ule mlango wa buluu.