Chungu Alichokipata Rehema

Juzi, katika duka kubwa pale mtaa wa Al Barsha, huku Uarabuni, niliona kwenye televisheni mtaalamu maarufu wa makaburi ya Misri akisema, "Kaburi hili nimelivumbua mimi." Nyuma yake walisimama wanaume waliojaa vumbi hadi kwenye kope, makarai mikononi. Hakuna aliyetajwa jina.

Nikamkumbuka mdogo wangu Rehema. Alasiri moja tukiwa wadogo, mwalimu wetu alifukia vyungu katika mchanga wa uwanja wa shule, tucheze wachimbaji wa Misri. Mchanga ulinuka jua na mpira ulioungua, na ng'ambo ya ukuta kreni ililalama. Mimi nilikaa kivulini nikitoa amri. Rehema alichimba kwa vidole.

"Dada, njoo uone! Kina macho!"

"Lete nikibebe mimi. Wewe utakivunja."

Mwalimu alipouliza nani amekipata, niliinua mkono. Nikavishwa kofia pana, nikapigwa picha. Rehema alinitazama tu, mchanga umejaa kuchani. Kwetu mdogo hamkanushi mkubwa mbele ya watu, nami nikadhani ameniachia kwa hiari.

Jana nilimpigia simu nikamwomba radhi. Nilitegemea atacheka.

"Mama hajui mpaka leo," nilisema. "Nitamwambia."



"Nilimwambia jioni ile ile, Dada, wewe ukiwa unaoga. Alinichapa. Alisema nina wivu."