Sikio la Mama Vyombo

Mtaani walimwita Kereng'ende, na aliyempachika jina hilo ni mkewe mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine za kusaga, kazi iliyompa ugali wa kila siku ikamnyang'anya masikio. Ukitaka akusikie, sharti upaze sauti kama unamwita mtu ng'ambo ya mto. Lakini ugonjwa wake hasa ulikuwa kuruka. Nyuma ya nyumba, chini ya turubai, alikuwa ameunda chombo cha kiti kimoja: injini mgongoni, magurudumu matatu, na juu mlingoti uliosubiri mapanga mawili ya kuzungushwa na upepo. Mapanga hayo ndiyo yaliyomkwamisha. Mengine yote aliyachomelea mwenyewe. Mapanga hayachomelewi, jamani.

Mkewe, Mama Vyombo, muuza sahani na bakuli sokoni, aliliangalia lile turubai kama mke mwenza. Watoto walishahama, nyumbani wamebaki wawili, na hakutaka kubaki mmoja. "Siku utakayopanda dude hilo," alisema kila mara, "usiniage."

Basi yakatokea mapanga ya mtumba. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na haya yalijileta hadi mlangoni yamepakwa rangi mpya. Muuzaji aliapa kwa mama yake mzazi kuwa hayajawahi kuanguka. Kereng'ende hakushibishwa na viapo. Alikwangua rangi kwenye mashina, pale yanapofungwa mlingotini, akakuta namba ileile imegongwa kwa yote mawili: jozi halisi, yametoka kiwandani pamoja. Akayapima uzito, sawasawa. Akavuta uzi toka shina hadi ncha, hakuna lililopinda. Akalipa, na moyo ukaanza kupaa kabla ya mwili.

Likabaki jambo moja. Mapanga yale ni bati jembamba lililogandishwa kwa gundi juu ya mhimili, na gundi ikiachia kwa ndani, macho hayaoni kitu. Dawa yake ni kugonga kwa sarafu: palipo pazima panalia, palipoachia panatoa mvumo mzito. Akagonga. Kwake kote kulikuwa kimya kimoja.

Afanyeje? Mkewe hakuwahi kununua bakuli bila kuligonga kwa ukucha. Ufa usioonekana aliusikia. Ila huyohuyo ndiye mtu pekee duniani aliyetaka mapanga yale yawe mabovu.

"Mama watoto, leo nahitaji masikio yako."

"Makubwa haya! Leo ndiyo umekumbuka ninayo?"

Alikuja hivyo hivyo, mwiko mkononi. Panga la kwanza lililia lote. La pili likaanza vizuri, kisha karibu na shina Mama Vyombo akainua mwiko. "Hapa pamekufa."

Hasira zikampanda Kereng'ende. "Ulikuwa unalisubiri neno hilo!"

"Gonga tena."

"Miaka yote unalisubiri!"

Mama Vyombo hakubishana. Alimpa mgongo, akajifunika uso kwa upindo wa nguo. "Haya, gonga unapotaka wewe," akapaza sauti.

Kereng'ende akatia alama ya chaki palipotajwa. Akagonga nchani, akagonga katikati, kisha ghafla pale. "Pamekufa." Akazunguka mbali, akarudi kwa hila. "Pamekufa." Akahamia panga la kwanza, mahali palepale. "Pazima hapo, na usinichezee, nina sufuria motoni."

Kereng'ende akaweka sarafu chini. Akaketi juu ya debe, maana aliona wazi: panga lingeachia angani, naye yumo kitini. Aibu nayo ikamshika.

"Na kama yote yangelia vizuri," akauliza polepole, "ungeniambia?"

Mkewe akafunua uso. Macho yalikuwa mekundu. "Kila ulipogonga nilikuwa naomba yawe mabovu. Naomba kwa moyo wote. Lakini nikikudanganya leo, kesho utayagonga peke yako, na masikio yako hayo."

Kereng'ende akainuka. Akaenda kuchukua msumeno. Panga moja bila mwenzake ni pambo tu, na panga bovu likiachwa zima litampata mjinga mwingine wa kulipaka rangi. Alipoanza kukata, bati likatetemeka hovyo. Mama Vyombo akaweka mwiko chini, akashika upande wa pili kwa mikono yote miwili.

"Ukipata mengine," akasema kwa sauti kubwa ili asikie, "niite kabla hujaanza kufurahi."