Siku Jaji Alipofunga Mlango

Siku yangu ya kwanza kazini nilitapika mara mbili kabla ya saa tatu asubuhi. Nilikuwa mwalimu wa hesabu kutoka Uvira, Kongo, mkimbizi mwenye koti la kuazima kanisani, na siku hiyo nilikuwa naanza ukalimani katika mahakama za Durban. Mkuu wa Wakalimani, Mzulu mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba, alinikuta nimeng'ang'ania sinki. Akanipa peremende.

"Thisha," aliniita, maana kwa Kizulu mwalimu huitwa hivyo, "maneno yanaingia sikioni, yanatoka mdomoni. Hapo katikati usisimame. Ukianza kufikiri utachelewa, na ukichelewa utakemewa. Sharp?"

"Sharp," nikajibu, yaani sawa.

Ninyi mnaoingia kazi hii leo mnakijua kiapo chetu: utatafsiri yote, bila kuongeza wala kupunguza. Shahidi akitukana, nawe unatukana. Niliwahi kumwambia hakimu kwamba ana akili za kuku, kwa adabu zote, kwa kuwa ndivyo shahidi alivyosema. Miaka minne nilikaa mahakama za chini, simu zilizoibwa na ugomvi wa saluni, hadi mdomo wangu ukazoea kwenda wenyewe bila kuniuliza. Nilijivunia sana jambo hilo.

Kisha nikapandishwa Mahakama Kuu, nikawekwa kwa jaji mmoja ambaye sisi Wakongomani tulimwita Mama Jaji. Alikuwa mfupi, wa sauti ndogo, na aliandika kwa penseli. Nilimwogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa askari wa mpakani.

Uamuzi uliompa sifa ulihusu kiwanda cha nguo kule Mobeni. Mwenye kiwanda alikuwa akiwafungia wafanyakazi kwa kufuli la nje, eti wasimwibie. Moto mdogo ulipozuka, watu walivunja vioo kwa mikono mitupu. Nilitafsiri ushahidi wa wanawake wanane wenye makovu, na mwishoni Jaji akasoma sentensi ambayo hadi leo naikumbuka: hakuna anayeruhusiwa kumfungia mtu mlango kwa sababu tu anamwogopa. Wenzetu waliinakili, wakaibandika kwenye kuta za saluni zao.

Miaka michache baadaye ikaja kesi ya mtu aliyekuwa akiwatoza wenye maduka pale Warwick Junction pesa ya kile alichokiita ulinzi. Kijana mmoja wa duka la simu alikataa, akauawa mchana kweupe. Walioona walikuwa wengi, lakini aliyekubali kusema alikuwa msusi mmoja tu. Nitamwita Mama Furaha, ingawa si jina lake. Mwendesha mashtaka aliomba asikilizwe faraghani, yaani milango ifungwe na watu watolewe. Jaji akakataa. Alisema haki haitendwi mafichoni, akaamuru tu jina na makazi yake visitajwe. Benchi la nyuma wakakaa jamaa watatu wa mshtakiwa. Kiswahili hawakukijua.

Wakili wa utetezi alikuwa hodari. "Unasema unaogopa," alimwambia. "Mbona kila jioni unarudi nyumbani kwako kama kawaida?"

Mama Furaha alipandwa na hasira. "Nyumbani gani? Mimi siko kule tena! Niko kwa dada wa kanisa, Cato Manor, nyumba ya geti la bluu nyuma ya shule. Tunalala chini! Ata sasa batoto iko pale peke yao!"

Maneno yaliingia, yakatoka. Niliyatamka yote kwa Kiingereza safi, geti la bluu, nyuma ya shule, watoto peke yao, kwa sauti ya kufika benchi la mwisho, kama nilivyofundishwa. Ndipo nikasikia mwenyewe nilichosema. Kule nyuma mtu mmoja aliinuka, akafunga kifungo cha koti, akatoka taratibu.

Mama Furaha alikuwa amelisikia jina la Cato Manor. "Papa," aliniuliza polepole, "umesema?"

"Nimesema, mama."

Katika miaka yangu yote sikuwahi kusema mahakamani neno langu mwenyewe, lakini siku hiyo niliinua mkono. "Mkalimani anaomba kusema. Kuna mtu ametoka." Jaji alikuwa tayari ameiweka penseli mezani.

"Funga mlango," alimwambia askari wa mahakama. "Simu zote zije hapa kwangu. Polisi waende Cato Manor sasa hivi, na hatoki mtu hapa mpaka watoto hao nimewaona."

Wakili akasimama. Aliijua sentensi ya Mobeni kwa moyo, akamsomea Jaji maneno yake mwenyewe, neno kwa neno. "Eish," alinong'ona askari karibu yangu.

"Ni maneno yangu, na ni sahihi," Jaji akasema. "Leo ninaogopa, na ninafunga. Andika hivyo kwenye rufaa yako."

Tulikaa karibu saa nzima. Sijawahi kuogopa vile, hata tulipokimbia Uvira, kwa maana kule sikuwa mimi niliyewaonyesha wauaji njia. Mama Furaha alisali kwa mnong'ono pale kizimbani, na hakuna aliyeniambia nitafsiri.

Mlango ulipogongwa, waliingia watoto wawili, mdogo akiwa na kiatu kimoja. Polisi hawakukutana na mtu. Waliporudi baadaye kuchukua nguo, walilikuta geti la bluu limeng'olewa, limelala uani.

Mshtakiwa alifungwa maisha. Mahakama ya Rufaa haikuigusa hukumu, ila iliandika kwamba Jaji hakuwa na mamlaka ya kuwafungia watu ndani. Alinisomea ukurasa huo mwenyewe ofisini kwake.

"Wamesema kweli," akasema. "Nilipaswa kuufunga mlango kabla ya yule mama kuingia. Hilo hawakuliandika."

"Na mimi, Mama Jaji?"

"Wewe ulifanya kazi yako."

Nilitamani anikemee. Tangu siku hiyo nilivuta pumzi moja kabla ya kila jibu, na Mkuu wa Wakalimani akalalamika kwamba Thisha amezeeka. Nilistaafu na pumzi hiyo. Kama mnataka ushauri wangu, ni huo tu: simameni hapo katikati, hata mkikemewa.

Mwezi uliopita nilikutana na Mama Furaha pale Warwick, upande wa wauza dawa za mitishamba. Alinikumbatia. Aliniambia yule wa kiatu kimoja sasa anasomea uuguzi. Akanibebea mfuko wangu hadi kwenye taxi, nami, kama mtu anavyomuuliza yeyote, nikauliza, "Siku hizi mnakaa wapi, mama?"

Tabasamu lake halikuondoka.

"Tuko, papa," akasema. "Tuko tu."

Akafunga mlango wa taxi, akasimama pale pale na mikono yake mitupu. Alisubiri mpaka tukavuka robot, zile taa za barabarani, ndipo akaanza kwenda kwake.