Darubini ya Baba Siitupi

Juzi mjukuu wangu Rehema alinisomea kwenye simu majibu ya kiwanda kilichounda darubini ya marehemu baba. "Bibi, wanasema za zamani hawakarabati tena. Ununue mpya."

"Funga hiyo simu," nikamwambia.

Nilipokuwa mtoto hukuhuku Matombo, mchana mmoja baba aliikuta darubini hiyo imeota kuvu ndani ya vioo. Alikuwa akiitumia kuwaona nyani wakishuka ng'ambo ya bonde, kabla hawajafika kwenye mahindi yetu. Bila hiyo tungevuna mabua. Akaketi uani, karafuu zilizoanikwa zikinukia, akaanza kulegeza skrubu. Nikakimbia kutandaza kanga ya mama miguuni pake.

"Ya nini, mwanangu?"

"Nyani wasiangukie karafuu."

Nilidhani wanaishi humo ndani. Baba alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka. Kisha akafuta vioo kwa pamba na spiriti, akaviweka juani. Jioni aliwaona nyani mapema, akapiga debe, wakarudi msituni.

Baba hakusoma, nami sikusoma. Nyani nao hawajahama. Kuvu imeirudia darubini, na leo nimeifungua mwenyewe. Kioo cha kushoto kimeshang'aa. Cha kulia kinakaidi, ila hakijakutana na mkaidi kama mimi.