Pini Nne za Zaituni

Harufu ya puto jipya ni ya unga na mpira, kama glavu ya daktari iliyosahauliwa mfukoni. Juzi nilinunua pakiti sokoni Nakivubo, kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya binti yangu. Muuzaji aliapa kwamba ndani mna maputo hamsini. Nikamwomba anipishe kiti, nikakaa, nikahesabu. Arobaini na tisa. Nikarudia, yakawa yale yale. Aliongeza moja huku akimwambia mwenzake kwa Kiganda kwamba mama huyu akifika mbinguni atahesabu malaika. Nikamjibu kwa Kiganda hicho hicho kwamba nitawahesabu mara mbili.

Wakacheka, nami nikacheka. Lakini ile harufu ilikuwa imeshaniingia puani, na ushindi wangu wote ukaniishia. Nilimkumbuka Zaituni.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama yangu, Mkenya aliyefuata kazi Kampala akabaki, alikuwa anapamba sherehe. Tulikaa Lubaga, chumba na sebule, na sebule ilikuwa ya maputo. Sisi tulipita pembeni. Zaituni alikuwa msaidizi wake, binti wa miaka ishirini na kitu, wa familia ya Kiislamu ambayo mababu zake walitoka pwani na biashara zao wakajenga hapa. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Chetu kilikuwa cha sokoni. Hata kwa hilo nilimshuku: mtu anayesema vizuri hivyo, niliona, lazima kuna kitu anakuuzia.

Nilichomshuku hasa ni hiki. Kabla ya kujaza puto, alilivuta kwa mikono mara tatu nne, huku na huku, kulilegeza. Hapo sikuwa na neno. Niliwahi kupuliza puto ambalo halijavutwa, masikio yakaniuma. Pumzi ya kwanza ndiyo ngumu, mpira unakataa katakata, halafu ukishakubali kidogo unaendelea bila shida. Kisha alilivika kwenye pampu, akalijaza mpaka likang'aa. Halafu, mimi nikiwa natazama kwa macho yangu yote mawili, alilegeza vidole akaachia hewa. Psss. Puto likarudi dogo, la mviringo, ndipo akalifunga.

Alifanya hivyo kwa kila puto. Nilihesabu.

Lazima mjue nililelewa vipi. Mama alinifundisha pale pale Nakivubo kwamba kopo la karanga halijajaa mpaka zimwagike, na zikishamwagika bado unadai nyongeza. Anayesawazisha kopo kwa kiganja ni mwizi, na unamwambia. Sasa humu ndani mwetu kulikuwa na mtu anayejaza, kisha anapunguza.

"Mama, Anti Zaituni anaiba hewa."

"Anaipeleka wapi?" Mama hakuinua hata kichwa.

 Kwa hesabu yangu, kutojua mwizi anapeleka wapi mali hakumfanyi asiwe mwizi.

Wiki ile ile akaja mteja kutoka Ntinda. Alikuwa ssenga, shangazi wa binti, na yeye ndiye aliyesimamia kwanjula, siku ambayo upande wa bwana harusi hufika kwa wazazi wa binti kujitambulisha. Alizunguka sebuleni, akaminya puto moja kama anachagua parachichi.

"Nnyabo, bibi yangu, hii baluni yako mbona iko kidogo kidogo? Kwani pumzi inauzwa?"

Mama alinitazama mimi, akamtazama Zaituni. Niliona shaka yangu ikihama kutoka kichwani mwangu kwenda kichwani mwake, na nilijisikia mtu mzima.

"Jumamosi tunajaza yote mpaka mwisho," Mama alisema baada ya mgeni kuondoka.

"Mama Akinyi, jua litayapasua," Zaituni alisema polepole. "Ndani hewa inasukuma, nje mpira unavuta kurudi. Vikilingana nguvu, puto limetulia. Jua likipasha hewa, hewa inasukuma zaidi. Mpira ambao umeshavutwa mpaka mwisho hauna tena pa kwenda. Ndiyo maana naliachia nafasi."

"Nafasi," Mama alisema, kwa sauti ile ya kumwambia muuza karanga kwamba kopo lake lina kitako cha uongo. "Ukiachia nafasi tena, Zaituni, utakwenda kuiachia kwingine."

Jumamosi asubuhi kulikuwa na baridi na mawingu. Tulisimamisha tao la maputo mia mbili mbele ya tenti, meupe na ya zambarau, yamejaa hadi yanalia ukiyagusa. Nilihesabu mia mbili. Nikarudia: mia mbili. Ssenga alipiga vigelegele.

Saa tano jua likatoka. Saa tano na nusu, puto la kwanza likapasuka. Wazee waliokuwa wamekaa wakashtuka, mmoja akashika kofia. Likafuata la pili, la tatu. Yote ya zambarau, lakini hilo sikulipa uzito, kwa sababu nilikuwa nimeshampata mhalifu. Zaituni alikuwa amesimama karibu na tao, na skafu yake ilishikwa na pini. Nne. Nilizihesabu mara mbili, kisha nikamkimbilia Mama.

"Mama, ana pini. Anayatoboa ili aonekane alisema kweli."

Mama alikuwa na ssenga amesimama nyuma yake na wageni wakikaribia lango. Alikwenda moja kwa moja.

"Zaituni. Hizo pini."

Zaituni alimgeukia. Halafu, mbele ya wazee, mbele ya vijana wa spika na wanawake waliobeba vikapu, alichomoa pini moja baada ya nyingine akaziweka katika kiganja cha Mama. Skafu ikalegea. Aliikamata chini ya kidevu kwa mkono wa kushoto, akatembea hadi upande wa pili wa uwanja, akasimama penye ukuta, mbali na tao.

Tukangoja. Pa! Puto la nne. Pa! La tano.

Hakuna aliyekuwa karibu nayo.

Mama alishusha mkono, pini moja ikaanguka kwenye nyasi. Niliifunika kwa kiatu.

Zaituni alirudi bila kuitwa. "Nipe pini," alimwambia Mama, "na wewe shika uzi." Akaanza na ya zambarau, kwa kuwa rangi nzito hunywa joto la jua zaidi. Hakutoboa tumbo la puto, ambako mpira umevutwa pande zote na tundu dogo tu hulipasua lote. Alitoboa shingoni, karibu na fundo, ambako mpira bado ni mzito na umelegea. Psss. Hewa ikatoka taratibu, Mama akakaza uzi chini ya tundu. Mkono mmoja wa Zaituni haukuachia skafu hata mara moja. Alifanya kazi yote kwa mkono wa kulia. Wageni walipoingia, tao lilikuwa limesimama, dogo kidogo, na halikupasuka tena puto lolote.

Jioni Mama alimrudishia pini tatu. "Moja imepotea," alisema. 

Jumatatu Zaituni hakuja. Hakuna aliyemfukuza. Mama alimngoja hadi saa nne, akatuma mtu, akaambiwa hayupo. Kisha akakaa kwenye pampu, akavuta puto kwa mikono, akalijaza likang'aa, akalegeza vidole. Psss. Hakunitazama.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Zaituni aliondoka kwa sababu hatukumwamini kuhusu jua. Nilikuwa nimeshaolewa siku nilipoelewa kwamba maputo hayakuhusika. Tulimfunua mwanamke kichwa mbele ya umati kwa hesabu ya mtoto, na hesabu yenyewe ilikuwa sahihi: pini zilikuwa nne kweli.

Ile moja ninayo hadi leo, kwenye kopo la vifungo. Nikipita Nakivubo na kuona mwanamke wa rika lake amefunga skafu, sitazami uso kwanza. Nahesabu pini. Nikipata tatu, narudia.