Nanga ya Ngosha na Mashine ya Bwana Tauno

Chenge Masalu alipopunguzwa kazi kiwanda cha nguo, alikaa nyumbani akitengeneza vitu ambavyo havikuwa vimeharibika. Mlango wa jikoni ulikuwa unafunga vizuri. Alipomaliza kuurekebisha, ukawa haufungi. Mkewe Modesta, ambaye mtaani walimwita mama Kulwa kwa sababu ya wanawe pacha, alikuwa anakaanga mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwanda vikishachukua minofu, na kuyauza kando ya barabara ya uwanja wa ndege. Biashara ilikuwa inakwenda. Ndiye aliyesikia kwamba kuna mzungu wa kiwanda kipya cha samaki anatafuta mtu wa kumtunzia bustani, akamhimiza mumewe aende upesi, kabla hajaufikia mlango wa mbele.

Mzungu huyo aliitwa Tauno, mtu wa Ufini, fundi wa mitambo ya barafu. Enzi zile viwanda vya minofu vilikuwa vinaota mwambao mzima wa ziwa pale Mwanza, na kila kimoja kilihitaji barafu, kwa hiyo hakukosa kazi, na watu wakamwita Bwana Barafu. Alikuwa mrefu, mkimya, na Kiswahili chake kilikuwa cha darasani. Alisema "tafadhali" hata kwa mbwa.

Bustani yenyewe haikuwapo. Nyumba aliyopewa Ilemela ilikaa juu ya mawe matupu, na katikati ya mawe ulisimama mpapai mmoja. Chenge aliumwagilia mpapai ule asubuhi na jioni, akijua kwamba mtu mwenye akili zake hawezi kumlipa mwenzake kwa kazi hiyo milele. Jumapili ya kwanza ndipo alipoelewa ameajiriwa kufanya nini. Tauno alitoka ndani amebeba fimbo ndefu yenye sahani chini na kisanduku cha betri juu, amevaa hedifoni masikioni kama mtu wa redio, akamkabidhi Chenge beleshi dogo. Wakateremka ufukweni.

Tauno alitembea polepole, akiipitisha sahani juu ya mchanga huku na huku kama mtu anayefagia bila kugusa chini. Akasimama. Akanyoosha kidole. Chenge akachimba, akatoa kizibo cha soda. Tauno alikigeuza pande zote, akakipangusa kwa kidole gumba, akakitia kwenye mfuko wa kitambaa uliokuwa kiunoni, akaendelea mbele. Kikafuata kizibo kingine. Kisha ndoana, msumari wa mtumbwi, kopo la dawa ya viatu. Chenge alidhani huu ni utangulizi tu, kazi itakuja. Wakati jua limekuwa kali na wanarudi nyumbani, alitambua kwamba ile ndiyo ilikuwa kazi.

Alimuuliza siku moja, kwa adabu, wanachokitafuta ni nini hasa. Tauno alijibu kwamba hawatafuti kitu. Kwao Ufini, alisema, alikuwa akifanya hivi kila ufukwe wa bahari uliokuwa karibu na kazi yake, na kabla ya kuja Mwanza alikuwa Norwei na Ureno, na huko pia alifanya hivi hivi. Mtu akiwa ugenini Jumapili huwa ndefu. Chenge alilikubali jibu lile kwa sababu lilitoka kwa mwajiri, lakini alijua kwamba halitamfaa kitu mtaani.

Na kweli halikumfaa. Pale mwaloni, mitumbwi inaposhushia samaki, kila mtu alikwisha kujua, tangu enzi za babu zake, kwamba Wajerumani walipokimbia Mwanza wakati wa vita waliacha rupia zao zimefukiwa mahali fulani kandokando ya ziwa. Mahali hapo palikuwa panahama kulingana na msimuliaji. Sasa amekuja mzungu na mashine ya kusikiliza ardhi, na anayechimba ni Chenge wa kiwanda cha nguo. Hesabu ikawa imekamilika.

Chenge alisema ukweli tangu mwanzo. Aliwaambia ni vizibo. Watu walicheka kwa heshima, kama wanavyocheka mbele ya mtu anayejua kutunza siri. Kadiri alivyokana ndivyo walivyomsifu kwa busara. Vijana ambao hawakuwahi kumwamkia wakaanza kumpa shikamoo ng'ambo ya barabara. Aliteuliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi ya watu asiowafahamu kabisa. Shemeji yake Paulo, mdogo wake Modesta, alikuja kutoka Usagara kusalimia, na salamu hiyo ikaendelea hadi pamba ikavunwa. Kila jioni Paulo alikaa karibu na mlango na kulitazama beleshi la Chenge.

Lililomuuma Chenge ni kwamba hata Modesta alinyamaza. Hakugomba. Alimwekea ugali mezani, akakaa upande wa pili, akamtazama akila. Hatimaye, watoto walipokuwa wametoka, alisema.

"Baba Kulwa, mimi si mtu wa kelele. Nakuuliza mara moja tu. Ziko wapi?"

"Zipi?"

"Zile."

"Mama Kulwa, hakuna zile. Ni vizibo."

"Mwanamume hawezi kwenda kuchimba vizibo kila Jumapili, anaacha misa, halafu anarudi ametulia hivyo. Kama umemjengea mtu nyumba kule Mirongo, niambie."

Chenge hakuwa na mtu Mirongo wala popote. Alilala vibaya, na Jumapili iliyofuata alifanya jambo moja tu alilolifikiria: baada ya misa alimchukua mkewe ufukweni. Tauno aliinama kidogo kumsalimu, akasema karibu tafadhali, na bila kuulizwa akavua hedifoni akamvisha juu ya kilemba, akampa fimbo ashike. Modesta aliishika kama mwiko wa kupikia ugali wa msibani. Alipiga hatua chache. Kisha uso wake ukabadilika, akarudisha sahani nyuma, akaipitisha tena palepale, akasema kuna kitu kinalia. Chenge akachimba. Kilikuwa kizibo cha bia.

Modesta alikitazama sana. Akakipangusa kwa ncha ya kanga.

"Tuendelee pale kwenye mawe," alisema.

Walirudi nyumbani mapanki ya siku hiyo yakiwa hayajakaangwa. Njiani alimwambia mumewe kwamba sasa anaamini, hakuna kitu pale, ni vizibo vitupu. Walipokaribia nyumbani akaongeza kwamba Jumapili ijayo atakuja tena.

Basi ikawa wanakwenda watatu. Modesta alikuja na chapati na chai ya chupa, na baada ya kuchimba walikaa juu ya mawe wakala. Tauno aliwaambia kwamba ana dada anayeishi mahali ambako ziwa huganda hadi magari yanapita juu. Modesta alimwonea huruma kwa uongo huo, akamwongezea chapati.

Mwaka uliofuata Tauno alikwenda kwao likizo. Alimwachia Chenge funguo za nyumba na mpapai. Mashine aliifungia kabatini.

Hakuwa amepita hata Nairobi, watu wakaingia ufukweni. Walikuja na majembe, sululu, mabeleshi ya kuazima na sufuria. Hawakuwa na mashine, lakini walikuwa wamewatazama akina Chenge muda mrefu wa kutosha kuona waliposimama, na palepale waliposimama wakachimba, kwa imani kwamba kilichotolewa kilikuwa cha juu na chenyewe kiko chini. Paulo alikuwa mmoja wao. Alirudi kutoka Usagara makusudi. Ufukwe ukageuka mashimo matupu, mengine yakifika kifuani. Walitoka na vizibo ambavyo Tauno alikuwa ameviruka.

Kisha ng'ombe wa mwenyekiti wa mtaa, mzee Nkwabi, alikwenda kunywa maji kama kawaida yake, akatumbukia, akavunjika mguu. Ikabidi achinjwe. Nyama iliuzwa palepale mwaloni, na wote waliokuwa wamechimba walinunua.

Mzee Nkwabi aliita mkutano. Alisema hataki maneno mengi. Alitaka kujua ng'ombe wake amekufa kwa ajili ya nini. Kila jicho likamgeukia Chenge. Chenge akasimama, akarudia kusema ni vizibo, na safari hii hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akamwagiza akavilete.

Chenge alikwenda peke yake hadi nyumbani kwa Tauno, akafungua, akasimama katikati ya sebule. Vitu vyote vilikuwamo, vimesuguliwa vikang'aa, vimepangwa kwenye mitungi ya kioo na juu ya rafu. Alijua kwamba si vyake. Alijua pia kwamba asipovitoa atazeeka akiitwa tajiri. Akavipakia kwenye toroli, akavifunika kwa gunia, akavisukuma hadi mkutanoni, akavimwaga juu ya turubai.

Watu walisogea. Vizibo vilikuwa vingi kuliko vyote, na kimya kilichovipokea kilikuwa cha msiba. Kulikuwa na ndoana, misumari, betri, vipini vya ndoo, kengele ya mbuzi, njuga za mguuni za wacheza ngoma, ufunguo, kijiko kizuri cha chuma, na kufuli. Na chini kabisa, kwa sababu ilikuwa nzito, nanga ya meno manne ambayo Tauno alikuwa akiitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo.

Mzee Ngosha, mvuvi wa siku nyingi, alikuwa amekaa mbele. Aliiona nanga ile, akainuka, akaigeuza kwa mguu, kisha akapiga goti na kuipapasa shinani. Pale shinani palikuwa na alama aliyoichonga mwenyewe kwa tupa.

Wote waliokuwa na umri walijua habari ya nanga hiyo. Ngosha alichomelewa nanga hiyo na binamu yake aliyekuwa fundi wa meli, na wakati ule pale mwaloni wengine wote walikuwa wakifunga mawe. Siku moja ikatoweka. Mtumbwi uliokaa jirani na wake ulikuwa wa mzee Malimi, na Ngosha alisema hadharani kwamba mwizi ni Malimi. Tangu hapo wazee wale wawili hawakusalimiana. Walivua ziwa moja, wakasali kanisa moja, wakazikiana ndugu, kila mmoja akipita kwa mwenzake kama anapita kwenye mti. Nanga muda wote huo, kama Chenge alivyoeleza sasa, ilikuwa imelala mchangani, chini ya mahali ambapo mtumbwi wa Ngosha ulikuwa ukifungwa.

Malimi alikuwa amekaa nyuma, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakuinuka. Watu walijigawa wenyewe, pakabaki njia kati ya wazee wale wawili.

"Ni yangu," Ngosha alisema, bado amepiga goti.

"Mimi sikuichukua," alisema Malimi.

"Naona."

Malimi alimzidi Ngosha umri, ingawa si kwa mengi. Ngosha alisimama, akajipangusa mchanga magotini, akaiacha nanga, akatembea hadi kwenye ile ndoo.

"Shikamoo," alisema.

Malimi alitazama ziwani.

"Marahaba," alijibu Malimi.

Hawakushikana mikono wala kusema zaidi. Ngosha alikaa tu chini, karibu na ndoo. Mwenyekiti Nkwabi alikohoa, akaomba warudi kwenye ajenda, ambayo ni ng'ombe. Lakini mkutano ulikuwa umekwisha kuharibika. Watu walikuwa wameinama juu ya turubai wakitafuta vya kwao. Kengele ya mbuzi ilipata mwenyewe. Njuga zilitambuliwa na bibi mmoja aliyesema zilikuwa za marehemu kaka yake, akazivaa palepale akaondoka nazo zikilia. Kijiko kilidaiwa na wanawake watatu, wote wenye ushahidi. Paulo alidai kufuli, akaulizwa funguo zake ziko wapi, akarudi Usagara.

Tauno aliporejea alikuta mitungi imejaa vizibo tu. Chenge alimsimulia yote akiwa amesimama, kofia mkononi, akijiandaa kufukuzwa. Tauno alisikiliza bila kubadilika uso. Aliuliza habari za ng'ombe. Aliuliza kijiko kilikwenda kwa nani. Kisha akamwomba Chenge arudie ile sehemu ya wazee, polepole, maana kuna neno hakulielewa. Lilikuwa neno "naona".

"Kwetu unapata pete," alisema baadaye, "pete ya dhahabu, na hujui ya nani. Unaiweka kwenye mtungi."

Jumapili hiyo hakwenda mbali. Akina mama walikuja wenyewe mlangoni, wakamweleza Modesta, naye akamfikishia: huyu alidondosha hereni akiosha vyombo, yule ufunguo wa sanduku, mwingine jino la dhahabu, ingawa hilo lilikuwa la mume wake na mume mwenyewe hakutaka lipatikane. Hereni ilipatikana. Watu wakaacha kumwita Bwana Barafu, wakamwita kwa jina, na akipita mwaloni ilimchukua muda mrefu kufika alikokwenda kwa sababu ya salamu.

Mkataba wake ulipokwisha, akaenda kufunga mitambo nchi nyingine, na mashine yake akaenda nayo. Modesta alilia uwanja wa ndege, akasema ni vumbi. Mahali pake kiwanda kilileta fundi mwingine, mnene, mpole. Chenge alimuuliza mapema, ili ajipange, Jumapili hupendelea kufanya nini. Yule bwana alijibu kwamba hupendelea kulala. Basi Jumapili Chenge hukaa chini ya dirisha lake na kijiti, akiwafukuza kunguru wasitue juu ya bati.